Usimjibie Mtoto

Sisi tuliokulia huku tunaijua hii kazi. Una miaka kumi na mbili, unaambiwa vaa viatu, twende hospitali ukatusemee. Barua unasoma wewe, simu unapiga wewe. Kwenye kipindi cha wiki hii tumeiongelea tukicheka. Hapa nataka niiongelee bila kucheka, manake kuna pahala kumsemea mtu kunamuumiza: pale mtoto anayetibiwa saratani anapoulizwa amechoka kiasi gani.

Mpwa wangu ana miaka saba, anatibiwa saratani ya damu hapa Uingereza. Mama yake yuko kazini, kwa hiyo mara nyingi tunaompeleka ni mimi na bibi. Siku moja nesi aliuliza kama mtoto anachoka. Bibi akajibu mbio: "Mume wangu huyu? Hachoki, alhamdulillahi!" Kisha nesi akamwekea mtoto mwenyewe karatasi yenye nyuso tatu, wa kucheka, wa kawaida na wa huzuni. Swali baada ya swali, kidole kikaenda kwenye huzuni.

Bibi hakudanganya. Kwake yeye, kusema mtoto kachoka mbele ya wageni ni kama kukosa shukrani. Na neno lenyewe linatuponza. Ukitoka mpirani umechoka, mtu akikukera umemchoka, hata shati kuukuu limechoka. Na dawa yetu ni moja tu: kalale.

Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala. Unaletwa na dawa zenyewe, na mionzi, na damu kupungua. Steroidi zinavuruga usingizi. Na wadini nako, usiku mtoto anaamshwa apimwe joto, au mashine ya dripu inalia. Asubuhi yuko macho, lakini hana nguvu ya kuvaa soksi.

Hakuna mashine ya kupima hilo. Damu wataipima, sawa, lakini haitasema kwamba mtoto amesahau alichosoma dakika tano zilizopita. Ndiyo maana kuna fomu. Moja inayotumika sana ni ya PedsQL, kazi ya James Varni na wenzake wa Marekani. Sehemu yake ya uchovu ina maswali 18, sita ya uchovu wa jumla, sita ya usingizi na kupumzika, sita ya uchovu wa akili, yaani kusahau na kushindwa kutuliza mawazo. Majibu yanageuzwa kuwa alama, 0 hadi 100, na alama ikipanda ndiyo nafuu. Mtoto wa miaka miwili hadi minne anajibiwa na mzazi. Kuanzia miaka mitano anajibu mwenyewe, na mzazi anajaza fomu yake pembeni.

Fomu ni mbili kwa sababu. Mwaka 1999 Pamela Hinds, nesi na mtafiti wa Marekani, na wenzake walilinganisha jinsi wagonjwa, wazazi na wahudumu wanavyoueleza uchovu huu. Hawakuueleza sawa. Watoto wadogo walisema zaidi kuhusu mwili, vijana wakasema pia kuhusu akili. Sasa wewe ukijibu badala ya mtoto, daktari anabaki na fomu mbili za mtu mzima.

Najua mtasema: mtoto anajua nini? Si atadeka tu akwepe shule? Labda siku moja. Ndiyo maana anaulizwa tena na tena, akalinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Na jibu lake lina kazi. Daktari ataangalia damu. Manesi wanaweza kupanga kazi za usiku wasimwamshe ovyo. Wataalamu wanapendekeza mazoezi kwa watoto hawa, kinyume kabisa cha "mwacheni alale". Na mwalimu akijua, hatamwita mvivu. Nyumbani nako hatumwiti mvivu.

Basi nawaomba mambo matatu, wenzangu. Kwanza, hapa Uingereza hospitali za umma zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Mwombeni, msimtwishe mdogo wenu mzigo huo. Pili, ikikulazimu kutafsiri, sema kilichosemwa. Usikipunguze ili bibi asione haya, wala usikiongeze ili daktari ashtuke. Tatu, mkiwa nyumbani, acheni "umechoka?" Ulizeni: ulipoamka ulikuwa na nguvu? Umecheza mpaka ukaridhika? Hadithi ya jana unaikumbuka?

Kisha nyamazeni. Mtoto mgonjwa hujibu polepole, na kile kimya kinatutia hamu ya kumsaidia. Msimsaidie. Msubirini.