Kwaya ni ya Wanaoimba

Jua linapotua na wakulima wamekwisha kurudi na majembe yao, katika vijiji vingi vya Handeni na Korogwe husikika sauti za watu wanaojifunza wimbo. Si redio, wala si arusi. Ni watu kumi na watano au ishirini waliokusanyika katika darasa la shule ya msingi au katika jengo la kanisa, wakirudia mstari mmoja mara ya tano na mara ya sita mpaka mwalimu wao aridhike. Kwedizinga, kama kata nyingine za upande huo, ni mahali pa kilimo cha jembe na mvua isiyotabirika. Mtu aliyeshinda shambani, au mama aliyeamka alfajiri kutafuta maji, ana haki kamili ya kulala mapema. Hata hivyo watu wa namna hiyo huja mazoezini. Hawalipwi kitu, hawapewi cheti, na wengi wao hawatasikika kamwe nje ya tarafa yao. Yafaa basi kuuliza kinachowaleta.

Swali hilo si la mchezo, kwa maana watu wengi wenye madaraka huitazama kwaya kama pambo. Mgeni rasmi anapotarajiwa, taarifa hupelekwa shuleni siku tatu kabla, ikiagiza wimbo wenye jina la mgeni, cheo chake na hesabu ya miradi atakayoizindua. Wanafunzi hukalilishwa wimbo, mgeni hupokewa, waimbaji hutuzwa, magari huondoka, na kwaya husahauliwa mpaka mgeni mwingine atakapotajwa. Kumpokea mgeni kwa wimbo ni desturi njema na haina budi kuendelea. Kosa ni kudhani kwamba kwaya iko kwa ajili ya mgeni. Kwaya ni ya wanaoimba, na faida yake kubwa hupatikana siku zile ambazo hakuna mgeni wala hadhira.

Faida ya kwanza ni raha yenyewe, na raha haina haja ya kuombewa radhi. Anayeimba besi, anapojifunza sehemu yake peke yake, huona kama kwamba amepewa mabaki ya wimbo. Sauti yake hukaa mahali pamoja, haipandi wala haina utamu, na nyumbani watoto humwuliza ni wimbo gani huo usiokwenda popote. Anayeimba sauti ya pili naye hulalamika kwamba wenzake wa sauti ya kwanza wamepewa wimbo wote. Halafu hufika jioni moja sehemu zote nne zikaunganishwa. Ghafula kile kilichoonekana mabaki kinakuwa msingi wa nyumba, na kila mmoja anasikia kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yao angeweza kukifanya peke yake. Aliyewahi kusimama katikati ya sauti hizo hana haja ya kuelezwa kwa nini watu hutembea kilomita kadhaa gizani kwenda mazoezini.

Raha hiyo ina sharti lake, nalo ni kusikiliza. Mwimbaji mzuri wa kwaya si yule mwenye sauti kubwa kuliko wenzake, bali ni yule anayemsikia jirani yake huku naye akiimba. Akipaza mno, anawafunika wenzake. Akinyamaza kwa woga, anaacha pengo. Akikimbia mbele ya wengine, hata kama yeye ndiye anayeujua wimbo vizuri zaidi, yeye ndiye aliyekosea. Ni vikao vichache vya maendeleo, na ni kamati chache za shule, ambazo zimepata kuwafundisha wajumbe wake somo hilo kwa uwazi kama linavyofundishwa na wimbo mmoja wa sauti nne.

Tena katika kwaya vyeo hulegea bila mtu kudharauliwa. Mwalimu mkuu, bwana shamba, karani, mkulima na mama muuza maandazi husimama mstari mmoja, na huenda anayewafundisha ni kijana aliyeishia darasa la saba lakini mwenye sikio zuri. Kijana huyo huanza kwa shikamoo, kisha humwambia mzee kwamba sauti yake imeshuka. Mzee huitikia marahaba, na hurudia mstari. Hapo hakuna aliyevunja adabu, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kazi imewapanga wote upya kwa muda wa saa moja na nusu.

Kwa mtumishi aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali, jambo hili lina uzito wa pekee. Mwalimu kijana anayepangiwa kazi katika kijiji asichokijua, penye watu wanaosemezana Kizigua au Kisambaa barazani, aweza kukaa mwaka mzima akiwa mgeni. Anajulikana kwa cheo chake, lakini hajulikani kwa jina. Upweke huo ni mojawapo ya mambo yanayowafanya watumishi waandike barua za kuomba uhamisho kabla hawajauona msimu wa pili wa mavuno. Akiingia katika kwaya, baada ya wiki chache ana watu ishirini wanaouliza habari zake asipoonekana. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa ya jioni ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamekaribiana na wenzao kwa kiasi kinacholingana, lakini waimbaji ndio waliofika huko kwa haraka zaidi. Watafiti wa Sweden nao walionyesha mwaka 2013 kwamba watu wanapoimba pamoja wimbo ulio na mpangilio wa pumzi, mapigo ya mioyo yao huelekea kupanda na kushuka kwa pamoja. Wazee waliokuwa wakitwanga na kulima kwa wimbo hawakuwa na vyombo vya kupimia jambo hilo, lakini walilijua.

Wapo wanaosema kwamba kwaya ni kitu cha kigeni. Ni kweli kwamba uimbaji wa sauti nne katika sehemu hizi ulikuja na misheni na shule: Waanglikana wa UMCA waliofanya kazi Magila na Korogwe, na Walutheri walioingia Usambara mwaka 1891. Hata zile herufi za sol-fa ambazo walimu huziandika ubaoni zilibuniwa Uingereza na mwalimu mwanamke, Sarah Glover, na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Lakini mbegu hiyo haikuangukia jangwani. Mwimbishaji kutoa neno na kundi kuitikia ni mtindo uliokuwapo ngomani, shambani na kinuni kabla ya kitabu chochote cha nyimbo kufika. Kilichotokea ni kwamba watu waliokwisha kuzoea kuitikiana walipata njia moja zaidi ya kuitikiana.

Mfano mkubwa kuliko yote unaimbwa kila asubuhi katika viwanja vya shule, na pengine kwa sababu hiyo hausikiwi tena. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya ya wanafunzi wake. Mwaka 1897 aliitungia kwaya hiyo wimbo, akauandika kwa sol-fa. Hakuwa mwanamuziki wa kulipwa wala hakuagizwa na serikali. Alikuwa mwalimu mwenye darasa na jioni chache. Alifariki mwaka 1905, kabla ya nchi yoyote kuufanya wimbo wake kuwa wimbo wa taifa. Mwaka 1961 Tanganyika huru iliupokea muziki wake kwa maneno ya Kiswahili, na Tanzania ingali ikiuimba. Afrika Kusini nayo imeuweka katika wimbo wake wa taifa wa mwaka 1997. Mwalimu yeyote anayedhani kwamba kwaya yake ya watu kumi na watano ni kitu kidogo mno na akumbuke kwamba bendera ya taifa hupandishwa kwa kazi ya mwalimu mwenzake.

Pamoja na hayo, kwaya za wananchi zina maradhi yake, na hapana budi yatajwe. La kwanza ni mashindano yasiyo na kitu nyuma yake. Michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, imeipa kwaya nafasi, na mashindano huwapa waimbaji shabaha. Lakini kwaya iliyoundwa kwa ajili ya kombe tu hufa siku ya pili baada ya kombe, ama kwa ushindi ama kwa hasira.

La pili ni fedha. Tangu kurekodi kanda, na baadaye video, kulipoanza kuwa jambo la kawaida, kila kwaya imeota kuwa na albamu yake. Kurekodi si dhambi, na nyimbo nyingi nzuri zimehifadhiwa kwa njia hiyo. Lakini michango ya albamu inapokuwa mikubwa kuliko uwezo wa mkulima, maskini hujiondoa kimya kimya. Na mapato yasiposomwa hadharani, marafiki wa miaka kumi hugeuka washitakiani. Mweka hazina na asome hesabu mbele ya wote kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu tano.

La tatu ni mashine. Leo mtu aweza kufungulia wimbo uliokwisha kurekodiwa, wenzake wakachezesha midomo na kurusha mikono, na vipaza sauti vikafunika kila kosa. Hadhira huenda ikapiga makofi. Lakini waliosimama mbele wamenyang'anywa kile kilichowaleta, kwa maana hakuna aliyeimba wala aliyemsikia mwenzake. Kinanda kiwe msaidizi wa mwimbaji, kisiwe mrithi wake.

Liko pia suala la nani aalikwe. Kwaya ya kanisa ni ya kanisa na ina kazi yake ya ibada, kama vile kaswida ilivyo na mahali pake madrasa. Hakuna sababu ya kuviingilia. Lakini Handeni na Korogwe ni wilaya ambazo Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta, huzikana na huozana, na inafaa pawepo pia wimbo ambao wote wanaweza kuuimba pasipo mtu kuacha dini yake mlangoni. Katika miaka ya 1970 kwaya za shule na za vijiji vya ujamaa zilifanya hivyo. Waliimba juu ya kisomo cha watu wazima, afya na kilimo, na aliyesimama kulia kwako hakuulizwa anasali wapi. Nyimbo nyingine za wakati ule zimepitwa na maneno yake. Mpango wa watu kusimama pamoja haujapitwa.

Na nyimbo za kuimba hazihitaji kutafutwa mbali. Kizigua, Kisambaa na Kibondei ni lugha za ndugu, na kila moja ina nyimbo za kubembeleza watoto, za kutwanga na za ngoma, ambazo wanaozijua vizuri ni wazee. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, kwaya ya wavulana na walimu wa shule iliichukua misa ya Kilatini ikaiimba kwa mitindo ya nyimbo za Kongo. Santuri yake, Missa Luba, ilisikilizwa duniani kote, na mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya iliirekodi upya. Waliofanya kazi hiyo ya kwanza walikuwa watu wa shule. Mwalimu wa Handeni anayekaa na bibi wa kijiji, akaandika maneno yake kwenye daftari na kuyapangia sauti nne, anafanya kazi ya namna hiyo hiyo, na anaifanya kabla bibi hajaondoka nayo.

Mahitaji yenyewe ni machache. Walimu wakuu na wafungue darasa moja jioni mara mbili kwa wiki na waruhusu taa iwashwe. Ratiba na ifuate kalenda ya jembe, mazoezi yapungue wakati wa kupanda na kupalilia, yaongezeke baada ya mavuno, ili mkulima asilazimishwe kuchagua kati ya wimbo na chakula. Walimu wastaafu waliojifunza sol-fa vyuoni na waombwe kuifundisha, kwa maana wanaoweza kuisoma ubaoni wanapungua. Na watumishi wenye ofisi, badala ya kuiagiza kwaya kwa barua, na waende wakasimame ndani yake. Huko watakosolewa na kijana, watarudia mstari mara ya sita, na watarudi nyumbani wakiwa na njaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na sauti moja, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuwa nne. Wale wanaokusanyika gizani baada ya kazi wamekwisha kulielewa jambo hilo, nao hawadai shukrani. Wanachohitaji ni mlango usiofungwa kwa kufuli saa kumi na mbili jioni.