Kukadiria Kwanza, Kupima Baadaye

Wapo wanaoamini kwamba kasi ya kompyuta haijulikani ila kwa kuiwasha na kuitazama. Imani hiyo ina hasara: humwondolea mwanafunzi kazi ya kufikiri, na huifanya shule isiyo na mashine ijione haina la kufundisha. Kumbe kalamu, karatasi na hesabu ya kuzidisha vyatosha kuanzia.

Na itwaliwe kwa mfano kompyuta ndogo ya ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982. Picha yake ilikuwa na mistari 192, kila mmoja wenye nukta 256, yaani nukta 49,152. Baiti moja ya kumbukumbu ilibeba nukta nane. Hivyo nukta zilihitaji baiti 6,144, na rangi baiti 768. Jumla ni baiti 6,912. Prosesa yake, Z80A, ilikwenda kwa mapigo 3,500,000 kwa sekunde, na agizo lake la kunakili mfululizo wa baiti lilitumia mapigo 21 kwa kila baiti. Basi picha nzima ilidai mapigo 145,152 hivi, ambayo ni kama sekunde 0.04. Kwa sekunde moja zisingechorwa picha zaidi ya 24.

Lakini televisheni iliyotumika kuwa kioo chake ilionyesha picha upya mara 50 kwa sekunde. Ndiyo kusema, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, mtu aliweza kujua kwamba kwa agizo hilo kioo kizima kisingechorwa kila mara, na kwamba ilikuwa heri kuchora upya sehemu iliyobadilika tu.

Ni kweli, makadirio si kipimo. Katika mashine hiyo sakiti ya picha na prosesa ziligombea kumbukumbu ileile, na kazi yenyewe ilichukua muda mrefu zaidi. Lakini aliyekadiria akaona tofauti huuliza sababu yake. Aliyepima tu hana la kuuliza.

Wala isisemwe kwamba mashine za leo zimeiondoa haja hiyo. Kioo chenye nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti nne, kikichorwa mara 60 kwa sekunde, hudai takriban baiti milioni 500 kila sekunde. Hesabu ni ileile.

Yafaa basi mwalimu aanzie ubaoni, na kila mwanafunzi aandike makadirio yake kabla mashine haijawashwa. Pasipo na mashine, somo lisiahirishwe.