Uchumi Ni Ahadi, na Ahadi Hutaka Lugha

Vitabu vya waasisi wa kampuni vimekuwa vingi siku hizi. Viko madukani, viko kando ya njia vikiuzwa pamoja na kalenda na vitabu vya mapishi, na yaliyomo husimuliwa upya katika semina za mahotelini, ambako kijana hulipa kiingilio ili aelezwe jinsi fulani alivyoanza na shilingi mia akaishia kuwa na majumba. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Nimevisoma kadhaa, na baadhi yake vina hekima. Kinachonikera ni kwamba aghalabu hutufunza tabia za mtu mmoja, yaani kuamka alfajiri, kuweka akiba, kutokata tamaa, kana kwamba tabia hizo ni adimu huku kwetu. Mama muuza mahamri wa Bombolulu huamka saa tisa za usiku. Lau utajiri ungepatikana kwa kuamka mapema, yeye ndiye angekuwa akitoa semina.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanauchumi, na kazi yangu ni maneno. Basi na nianze na maneno. Neno "kampuni" tumelipata kwa Waingereza. Mwambao ulikuwa na "shirika", neno lenye asili ya Kiarabu, pamoja na ndugu zake "mshirika", "ushirika" na "kushirikiana". Mwenye chombo na mwenye bidhaa waliposhirikiana katika safari, walielewana namna ya kugawana faida na, zaidi ya hayo, walielewana hasara ikitokea itakuwa ya nani. Siku hizi "shirika" limeachiwa serikali na wafadhili, na "kampuni" ndiyo imekuwa mali ya watu binafsi. Lakini ukiifungua kampuni ukatazama ndani, utakuta jambo ni lilelile la kale: ni fungu la ahadi. Mwenye mtaji ameahidiwa faida, mfanyakazi ameahidiwa mshahara, mteja ameahidiwa bidhaa iliyo sawa na ilivyotangazwa. Sera ya uchumi nayo ni ahadi, ya serikali kwa raia. Hoja yangu ni hii: ahadi ambayo aliyeahidiwa haielewi haimfungi aliyeitoa. Kwa mintarafu ya kujenga kampuni na nchi, hili ndilo somo tunalolipuuza kuliko yote.

Tutazame kwanza hapa hapa mtaani. Ukishavuka daraja la Nyali ukashika njia ya Malindi, utazifikia Karakana za Bombolulu. Ziliasisiwa mwaka 1969 na chama cha kuwahudumia walemavu wa viungo nchini Kenya, kile kijulikanacho kwa kifupi kama APDK. Waasisi wale hawakuanza kwa kuuliza mtu amekosa nini mwilini. Walianza na mikono iliyopo na kazi inayoweza kufanywa nayo: mapambo ya shaba na shanga, nguo, bidhaa za ngozi, vinyago. Watu ambao katika miji mingine wangeachwa kwenye vizingiti vya misikiti na makanisa walipata ufundi na ujira. Vitu vyao vimenunuliwa na wageni waliozuru karakana, na vingine vimesafirishwa hadi Ulaya na Marekani kupitia biashara ile ijiitayo ya haki.

Naisifu kazi hiyo bila kusita. Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba mshonaji na mfua shaba wa Bombolulu wamekuwa wakiishi kwa kutegemea masoko mawili, na yote mawili yako mbali na sauti yao. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilipozuka, watalii walikimbia Pwani. Walikimbia tena baada ya shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka 2002, baada ya vurugu za uchaguzi za mwanzoni mwa 2008, na pale serikali za Magharibi zilipowaonya raia wao wasije Mombasa mwaka 2014. Halafu ikaja Korona mwaka 2020. Kila mara waliokaa mezani kuamua hatima ya utalii walikuwa wenye mahoteli, mawaziri na mabalozi, na mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Fundi alipata habari kwa kuona kazi imepungua.

Mfano wa pili nauchukua Nairobi, na msomaji anaujua: M-Pesa. Huusimuliwa kama hadithi ya werevu wa mitambo. Mimi nausoma kama hadithi ya watu waliosikiliza. Majaribio yalifanywa mwaka 2005, kwa sehemu ya fedha zilizotoka kwa serikali ya Uingereza, na nia ilikuwa wakopaji wadogo walipe madeni yao kwa simu. Watumiaji waliukamata mradi wakaugeuza. Walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni nyingine ingewakataza. Safaricom, iliyokuwa chini ya Michael Joseph, iliuacha mpango wake wa awali, na Machi 2007 ikauzindua mradi kwa jambo lile ambalo watu walikuwa tayari wanalifanya, yaani kutuma pesa nyumbani. Maneno ya huduma yakawa ya kwetu: tuma, toa, wakala, salio. Na jina lenyewe lilikuwa "pesa", neno lililotoka Bara Hindi, ambalo kila mtu wa pwani na bara alikuwa nalo mdomoni.

Upande wa watunga sera kuna funzo linalozidi hilo. Hapakuwa na sheria mahususi ya malipo ya simu. Benki Kuu ya Kenya ingeweza kusema hapana na ikaishia hapo, na wala hakuna ambaye angeilaumu. Badala yake ilitoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na sharti likawa kwamba pesa za wateja zikae benki katika akaunti ya amana, mbali na mali ya kampuni. Mabenki yalinung'unika. Mwishoni mwa 2008 Wizara ya Fedha ilitaka huduma hiyo ikaguliwe, ikakaguliwa, ikaonekana salama. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ilikuja mwaka 2011, miaka minne baada ya uzinduzi. Naomba msomaji alipime neno hilo "amana". Mtoto wa chuoni hapa Kisauni anajua kwamba amana ni kitu ulichokabidhiwa ambacho si chako. Wanasheria waliuandika mpango huo kwa Kiingereza chao, lakini jambo lenyewe lilikuwa na jina huku tangu zama. (Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ilileta mkopo wa papo kwa papo ikauita "Fuliza". Kufuliza ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma. Sijui aliyechagua jina hilo alikuwa na kamusi mkononi, ila wadaiwa wengi watakubali kwamba alisema kweli.)

Sasa linganisheni uwazi huo na hali ya jirani yangu mmoja, mwendesha bodaboda. Alikuja kwangu jioni moja na karatasi zilizokunjwa. "Mwalimu," akaniambia, "hizi nilizitia sahihi mwezi wa tatu. Leo nataka unisomee nijue nilikubali nini." Ulikuwa mkataba wa mkopo wa pikipiki, kurasa 14 za Kiingereza cha mahakamani. Katika ukurasa wa tisa aliyekopa alikuwa amekiri kwamba akishindwa kulipa kwa siku chache tu, mkopeshaji ana haki ya kuichukua pikipiki popote aikutapo, na gharama za kuikokota na kuihifadhi zitaongezwa juu ya deni. Hakuwa amelijua hata moja la hayo. Aliambiwa kwa mdomo ni kiasi gani cha kulipa kila siku, naye alikuwa akilipa. Kampuni siitaji. Nitasema tu kwamba tangazo lake lililobandikwa barabarani ni la Kiswahili sanifu kabisa, chenye vina. Lugha ya kumwita mteja wanaijua. Lugha ya kumweleza masharti ndiyo waliyoisahau.

Na kampuni ilijifunza wapi adabu hiyo, kama si kwa serikali? Kenya ilipotaka kueleza itajenga uchumi wa namna gani baada ya uhuru, ilitoa Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika, uliotetewa sana na Tom Mboya, Waziri wa Mipango. Mboya alikuwa msemaji hodari wa Kiswahili majukwaani, lakini waraka uliandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Kwa hesabu za mwanauchumi kifungu hicho kina mantiki. Kwa mtu wa Kinango au wa Garsen kilikuwa hukumu. Lakini ni wazee wangapi wa Kinango walioketi mwaka 1965 wakakijadili? Ilipofika Katiba ya 2010, tulilazimika kuweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ili kuyainua maeneo yaliyoachwa nyuma. Orodha ya kwanza ilikuwa na kaunti 14. Kati ya kaunti 6 za Pwani, ni Mombasa peke yake iliyokosekana humo.

Ng'ambo ya mpaka, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitolewa kwa Kiswahili. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba, na mwanakijiji wa kawaida aliweza kuyasikia hayo redioni kisha akamnyoshea kidole mkuu wake. Najua jibu litakalotolewa hapa, na ni jibu zito: Tanzania ilielewa sera yake neno kwa neno, na bado maduka yake yalikosa sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ya Kenya yalikuwa nazo. Ni kweli. Wala uwazi wa lugha haukuwazuia wakulima kuhamishwa kwa nguvu katika Operesheni Vijiji. Lugha haileti mvua wala haifufui kiwanda kilichosimamiwa vibaya. Lakini mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alitoa taarifa juu ya miaka kumi ya Azimio, akakiri mahali lilipokwama, jambo ambalo ni watawala wachache sana wa bara hili wamelifanya wakiwa bado madarakani. Na zamu ya Mzee Mwinyi ilipofika, sera nzima ya kulegeza biashara iliingia katika neno moja, "ruksa", na muuza mitumba wa Kariakoo akaelewa siku hiyohiyo nini kimebadilika. Sera iliyoeleweka ilipokosewa iliweza kubadilishwa mbele ya macho ya watu. Ya kwetu ilikaa miaka 45.

Sisi Mombasa tuna kidonda kibichi zaidi. Mikataba ya mkopo wa reli ya kisasa ilitiwa sahihi mwaka 2014. Treni ikaanza safari mwaka 2017. Mwaka 2019 likatoka agizo la kupeleka mizigo yote ya nchini bara kwa reli, na watu wa Changamwe na Miritini, wenye malori, wenye maghala, mafundi wa magurudumu, mama lishe, wakaandamana kutetea riziki zao. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022 na serikali mpya. Sehemu za mikataba yenyewe umma ulizionyeshwa Novemba 2022, miaka minane baada ya kutiwa sahihi. Mji mzima ulipangiwa maisha kwa karatasi ambazo haukuziona, sembuse kuzisoma.

Wapo watakaosema kwamba raia wa kawaida hajali mambo ya sera. Juni 2024 iliwajibu. Vijana wa Kenya waliuchukua Mswada wa Fedha, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi, wakaueleza kwa video fupi za simu, kifungu baada ya kifungu. Hawakulipwa na mtu. Umati ulioingia barabarani ulijua ni kodi gani inayopingwa na inatozwa juu ya nini. Damu ilimwagika, jambo la kusikitisha mno, na mnamo Juni 26 Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Serikali iliyowaomba kura watu hao mwaka 2022 kwa habari za mama mboga na uchumi wa chini kwenda juu ilikuwa imewaletea kodi kwa lugha nyingine.

Ninachokitaka si kikubwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Basi Sheria ya Kampuni ya 2015, sheria za vyama vya ushirika na fomu za kodi zitolewe kwa Kiswahili na serikali yenyewe, na si kwa hisani ya vijana. Mkataba wowote wa mkopo mdogo uandikwe kwa lugha rasmi atakayoichagua anayekopa, na usipoandikwa hivyo mahakama isiutambue. Bunge la Kaunti ya Mombasa lianze na bajeti yake, lisingoje Nairobi. Nisiambiwe kwamba istilahi hazipo: BAKITA imekuwa ikizisanifu tangu 1967, na Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo maneno ya hisa, dhamana, ufilisi na riba hatutayavumbua upya. Wafasiri nao wapo, vyuo vyetu vinawatoa kila mwaka, na wengi wao sasa hivi wako nyumbani wakingoja kazi.