Mahali pa Sindano

Ni nyumba chache za pwani yetu zisizo na mshono. Huyu ana cherehani ukumbini, hushona madera na kanzu za watoto; yule ana kofia ya mkono, huishika kila baada ya alasiri akiwa amekaa mkekani, wajukuu wamemzunguka. Kazi hiyo huongeza riziki ya nyumba, hasa Idi inapokaribia. Lakini sindano iliyodondoka mkekani haionekani, nayo hungoja goti la mtoto anayetambaa. Kwa hiyo hatuandiki leo juu ya urembo wa chumba.

Makasha maalumu ya vifaa vya kushonea huuzwa madukani, na ni mazuri. Hatuoni haja ya kuyanunua ilhali jikoni mwetu mna makopo yanayotupwa kila wiki, na israfu twaijua ubaya wake.

Adui mkubwa wa sindano huku kwetu ni hewa ya bahari. Ina chumvi na unyevu, na chuma kikiachwa wazi hushika kutu upesi. Sindano yenye kutu huacha doa la kahawia juu ya kitambaa cheupe, na kofia iliyoshonwa kwa miezi ikaharibika kwa siku moja. Basi sindano zikae katika kichupa cha dawa kilichokauka barabara, chenye kifuniko cha kukaza. Tieni humo kile kifuko cha chembe za kukausha unyevu kinachopatikana ndani ya kasha la viatu vipya, na watoto wasikichezee. Wako wanaochoma sindano kwenye kipande cha sabuni ili zipenye kwa wepesi. Hilo lafaa wakati wa kazi, si kwa kuzilaza humo, kwani sabuni huvuta maji. Kimto cha pini nacho kijazwe sufi iliyobaki katika mto mkuukuu. Sufi haipendi maji.

Nyuzi zitoshe kwenye kopo la maziwa ya unga, lifunikwe, maana jua hupausha rangi na kudhoofisha uzi. Bobini zina tundu katikati: zitungeni kama shanga kwenye waya wa hanga kuukuu. Vifungo viwe katika chupa za jemu ili rangi zionekane. Twasikia trei ya mayai ikisifiwa sana kwa vifungo. Sisi haituridhishi, kwani paka akipita mara moja tu, vyote vimo uvunguni. Kofia ambayo haijamalizika ihifadhiwe ndani ya foronya safi ya pamba, si mfuko wa plastiki, ambao hufungia jasho na uvundo.

Kitu chenye thamani kuliko vyote hivi kimo ndani ya redio iliyokufa: sumaku ya spika. Fundi aweza kuitoa kwa dakika chache. Ipitisheni juu ya mkeka na busati kila mnapomaliza kushona, kabla ya watoto kuitwa kula, kisha hesabuni sindano: zilizotoka tatu, zirudi tatu.

Iliyovunjika isitupwe jaani hivi hivi. Itieni katika chupa ngumu ya plastiki pamoja na pini zilizopinda. Ikijaa, ikazeni kifuniko, na mzoa taka aambiwe kilichomo kabla hajaibeba.