Kidole Kilichoteleza na Chombo Kilichokiruhusu

Ndege zisizo na rubani, ambazo wengi wetu tumezoea kuziita droni, zimekwisha kuingia katika kazi za afya. Mwaka 2018, katika mradi wa majaribio, droni ilibeba dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita zipatazo 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mwaka uliofuata, huko Zanzibar, droni zilinyunyizia mashamba ya mpunga kimiminika cha kuangamiza viluwiluwi vya mbu. Mimi ni daktari wa usingizi na wagonjwa mahututi, si rubani, ila kuna kasoro moja ya vyombo hivi ambayo tangu nilipoielewa imenifanya niitazame upya wodi yangu.

Droni ndogo zenye rafadha nne, kama zile za kampuni ya DJI, huongozwa kwa rimoti yenye vijiti viwili. Ili kuwasha mota, mwongozaji huvuta vijiti vyote viwili chini na kuvielekeza ndani, kimoja kwa kingine. Katika miundo kadhaa ya awali, tendo hilo hilo ndilo lililozima mota, hata droni ikiwa angani. Basi mtu aliyetaka kushuka, kurudi nyuma na kugeuka kwa wakati mmoja, akavuta vijiti hadi mwisho wake, aliweza kuizima ndege yake bila kukusudia. Nayo haina mabawa ya kuiwezesha kuambaa hewani. Mota zikizimika, huanguka kama jiwe. Kutoka mita 30 hufika ardhini kwa sekunde mbili na nusu hivi, ikiwa na mwendo unaokaribia kilomita 87 kwa saa tukiacha kuhesabu ukinzani wa hewa. Aliye chini yake hapati hata nafasi ya kuinua uso.

Amri hiyo haikuwekwa kwa upuuzi. Droni iliyopoteza mwelekeo ikiwaelekea watu, kuzima rafadha zinazokata ni heri kuliko kuziacha. Ubaya ulikuwa urahisi wake. Nao watengenezaji waliurekebisha: katika Phantom 4 ya mwaka 2016, kuzima angani kulihitaji kijiti cha kushoto kivutwe kwenye pembe ya chini ya ndani huku kitufe cha kurudisha ndege nyumbani kikibonyezwa. Miundo kadhaa iliyofuata ilipangwa ikubali amri hiyo wakati wa dharura tu, kwa mfano droni ikiwa imegonga kitu au inabingirika angani. Vidole vya binadamu vilibaki vile vile. Kilichobadilishwa ni chombo.

Sasa niingie wodini. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, muuguzi wa zamu ya usiku alitaka kusimamisha pampu ya dripu ya maji iliyokuwa imemalizika. Pampu mbili za aina moja zilipangwa juu na chini kwenye nguzo moja, vitufe vyake vikiwa sawa kwa rangi na mahali. Akabonyeza ya juu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikipeleka noradrenalini, dawa iliyokuwa ikiushikilia mzunguko wa damu wa mgonjwa. Shinikizo la damu liliporomoka, kengele ikalia, akaigundua na kuiwasha tena. Mgonjwa alipona. Muuguzi alitakiwa kuandika barua ya kujieleza, kisha akapewa onyo la maandishi. Nilikuwa mjumbe wa kamati ile, nami nilitia sahihi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuitazama ile nguzo.

Fani yangu ilipaswa kuwa imenifundisha. Vali za mitungi midogo ya gesi za usingizi zina vitundu, na nira ya mashine ina vijino vinavyoingia humo, kila gesi kwa mpangilio wake. Mtungi wa naitrasi oksaidi haukai mahali pa oksijeni, hata aufungaye awe amechoka namna gani. Hatukungoja madaktari wote wa usingizi wawe makini saa 9 za usiku.

Wako watakaosema kwamba hoja hii inawapa wazembe pa kujificha. Sikubaliani nao. Anayekuja zamu amelewa, au anayeghushi chati, anajulikana, na kanuni zake zipo. Mtu mwangalifu akikosea mahali ambapo mwingine yeyote angekosea, kumwadhibu hakumlindi mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Kunawafunza wenzake kunyamaza. Kwa hiyo naomba fomu zetu za matukio ziulize, kabla ya jina la mhusika, chombo kilikuwa kipi, kiliwekwaje, na je, kilimtaka mtu athibitishe kabla ya kuzima? Nanyi wagonjwa na ndugu mnaouguza, mkiona mashine imenyamaza ghafla au taa yake imebadilika, mwiteni muuguzi bila kuona haya. Hamumsumbui.

Pale ninapofanya kazi sasa, pampu za dawa za kuinua shinikizo huwekwa upande wake peke yake, zikiwa na utepe mwekundu. Utepe huo tuliununua kwa fedha zetu. Muuguzi yule yuko hospitali ya wilaya, na onyo lingali katika jalada lake. Nimeandika kuomba liondolewe, sijajibiwa.