Ajali Haina Kinga? Kiswahili na Vifo vya Vibarua wa Mjengo

Mchumia juani hulia kivulini, walinena wahenga. Kibarua wa mjengo jijini Nairobi anauvuruga usemi huu. Huchuma juani tangu asubuhi, karai la zege begani, akipanda ngazi za mbao kutoka ghorofa hadi ghorofa, lakini kivuli anachokijenga ni cha mwingine. Wapangaji wakija kuhamia, yeye huwa amekwisha kutafuta kazi katika mjengo wa pili, Kilimani, Ruaka au Eastleigh. Hayo ni kwa aliyejaliwa kutoka salama. Asiyejaliwa hurudishwa kwao ndani ya jeneza, na matangani husikika mtu akisema kwamba ajali haina kinga wala kafara.

Methali hiyo inastahili kutiwa kwenye mizani, na hakuna wanaostahili zaidi kuitia huko kuliko wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, na hasa ile siku ya kufa ambayo mja hawezi kuikwepa. Kiswahili kimelipanua neno hilo hadi likachukua kila tukio baya la ghafla: gari kupinduka, mtu kuteleza, jengo kuporomoka. Hata hivyo, maana yake ya kale haijafutika. Imejificha ndani ya neno kama mbegu ndani ya tunda, na methali ndiyo inayoiotesha. Mbele ya kaburi, faraja hiyo haina ubaya wowote. Ubaya huanza pale faraja ya waliofiwa inapogeuzwa kuwa utetezi wa mwajiri.

Maana vifo vya mjengoni vina sababu zinazojulikana, tena zenye bei. Mtu huanguka kutoka ghorofa ya saba kwa kuwa ukingo wa sakafu uliachwa wazi, bila vyuma vya kumzuia. Mwingine hutumbukia katika shimo la lifti lililofunikwa kwa kipande cha mbao kisichopigiliwa misumari, naye akadhani ni sakafu. Jukwaa la fito huporomoka kwa sababu fito zilikwisha kutumika katika majengo matatu yaliyotangulia, na kamba zake zimeoza kwa mvua. Tofali huponyoka juu likamwangukia aliye chini ambaye hakupewa helmeti. Lakini labda hakuna sababu inayoeleza mambo vizuri kuliko ile ya nguzo za muda. Zege linapomwagwa hushikiliwa kwa mbao na nguzo hadi likomae, na kwa kawaida ya wahandisi, nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Nguzo za kukodi hulipiwa kila siku zinapokaa. Basi mwenye haraka huzing'oa mapema ili azipeleke ghorofa ya juu, na zege changa hubaki likijibeba lenyewe pamoja na mzigo wa ghorofa inayoongezwa. Likishuka, huambiwa watu kwamba ni ajali. Kwa hakika ni hesabu iliyopigwa na mtu akijua anachokipunguza.

Mnamo Januari 2006, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa eneo la Nyamakima katikati ya Nairobi liliporomoka na kuwafukia waliokuwamo, wengi wao wakiwa wajenzi. Watu kadhaa walifariki na makumi wakajeruhiwa. Waokoaji walikuja hata kutoka Israeli. Mnamo Agosti 2021, kreni ilianguka katika mjengo mmoja mtaani Kilimani na kuwaua wafanyakazi kadhaa, Wakenya na Wachina. Kati ya matukio hayo mawili mna miaka kumi na mitano. Katika muda huo Kenya ilipata katiba mpya mwaka 2010, ikapata Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011, na majengo ya jiji yakazidi kurefuka. Wale wanaoanguka mmoja mmoja, Jumanne huyu, Ijumaa yule, aghalabu hawafiki magazetini kabisa.

Si kwamba hakuna sheria. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mbili zinazomhusu kibarua huyu moja kwa moja: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Ya kwanza inamtaka mwajiri ahakikishe usalama mahali pa kazi, atoe mafunzo na maelezo, na ajulishe ofisi ya usalama kazini ndani ya saa 24 mtu anapofariki. Aidha, inampa mfanyakazi jambo ambalo vibarua wengi wangelisikia kama ndoto: akiona hatari kubwa iliyo karibu kumfika, amweleze msimamizi, na msimamizi haruhusiwi kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa.

Sheria ya pili inamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima, na inakadiria fidia ya kifo au ya ulemavu kamili wa kudumu kwa kipimo cha mapato ya miezi 96. Chukua mfano wa kibarua alipwaye shilingi 600 kwa siku, akifanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mapato yake ya mwezi ni shilingi 15,600, na mara 96 ni shilingi 1,497,600. Mjane ambaye hajapata kuisikia hesabu hii atapokea bahasha ya rambirambi na gari la kusafirishia maiti, atoe shukrani, asaini karatasi aliyopewa, arudi nyumbani. Dai la fidia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Miezi hiyo humpita akiwa angali anahangaikia karo.

Hapa ndipo lugha inapoingia, wala haiingii kama pambo. Sheria zote mbili zimetungwa kwa Kiingereza. Vibao vinavyotundikwa langoni mwa mjengo, vikiwapo, aghalabu huwa vya Kiingereza. Pale mkandarasi anapotoka Uchina, huenda kukawa na Kichina pia. Katiba, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya Ajira, nayo ya mwaka 2007, inasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, sharti aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Hilo ni neno jema. Lakini kibarua wa kulipwa jioni hana mkataba wa maandishi wa kuelezwa. Mkataba wake ni kidole cha msimamizi kinachomwelekea asubuhi langoni: wewe, wewe na wewe, wengine rudini kesho.

Ajabu ni kwamba ndani ya lango hilo Kiswahili ndicho kinachojenga. Fundi anayetoka Kakamega, mtu wake wa mkono anayetoka Kitui na mpiga rangi wa kutoka Murang'a huelewana kwa Kiswahili, hata kama si kile cha kamusi. Mwiko, timazi, pimamaji, karai, kokoto, boriti, slabu: msamiati wa kazi umetimia. Baadhi ya maneno hayo yana umri mkubwa kuliko Nairobi yenyewe. Mafundi wa Lamu na Pate walijenga nyumba za mawe za ghorofa kwa chokaa na boriti za mikoko karne nyingi kabla reli haijafika Nairobi, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, maana fundi alijua hasa ni kiasi gani mti ule ungeweza kubeba. Lugha iliyokuwa na maarifa hayo haiwezi kusemwa kuwa ni changa kwa shughuli za ujenzi.

Ila msamiati unapofika kwenye kinga, unakatika. Ule mshipi wa kumfunga mtu anayefanya kazi juu ili asianguke huitwa kwa Kiingereza, ama hauitwi kwa kuwa haupo. Kaguzi za usalama huandikwa kwa Kiingereza, na ripoti ya mkasa huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hurudi baadaye, kwenye harambee ya mazishi na kwenye methali. Mgawanyo huu wa kazi baina ya lugha mbili ndio unaopaswa kuwakera wapenzi wa Kiswahili kuliko makosa ya ngeli katika matangazo ya biashara: Kiingereza kimepewa kazi ya kukinga, Kiswahili kimeachiwa kazi ya kuomboleza.

Yamkini msomaji atauliza: je, neno lilimzuia nani asianguke? Swali hilo ni la haki. Mkandarasi asiyetaka kununua helmeti hatainunua kwa kuwa kibao kimetafsiriwa. Kibarua anayejua kwamba ana haki ya kushuka kwenye jukwaa bovu anajua pia kwamba langoni wapo thelathini wanaoingoja nafasi yake, na tumbo halisomi sheria. Wakaguzi nao ni wachache wakilinganishwa na miji inayopanda kila uchao. Anayedhani kwamba tafsiri pekee itaokoa maisha hajawahi kusimama chini ya mjengo akatazama juu.

Lakini kuna mambo ambayo hayawezekani kabisa pasipo maneno. Shahidi hawezi kumweleza mkaguzi kilichotokea ikiwa hajui kwamba nguzo zile hazikupaswa kung'olewa siku ile. Mjane hawezi kudai miezi 96 ambayo hakuna aliyemtamkia. Anayemwongoza mwendesha kreni na anayepokea mzigo juu wasipokuwa na maneno na ishara walizokubaliana, tani nzima ya vyuma huning'inia juu ya vichwa vya watu kwa kubahatisha. Halafu kuna suala la jina lenyewe. Jamii inayoita uzembe ajali huufanya usiulizwe maswali. Mahakama za Kenya zinajua kutofautisha uzembe na bahati mbaya. Lugha ya kila siku inapaswa kuweza hivyo pia, na wanahabari wa Kiswahili, ambao wengi wao hupitia madarasa ya Kiswahili vyuoni, wangeanza kwa kuuliza nguzo ziling'olewa lini kabla ya kuandika kwamba ajali mbaya ilitokea.

Fasihi, kwa upande wake, haijakaa kimya kuhusu wafanyakazi. Said Ahmed Mohamed katika Dunia Mti Mkavu (1980), Alamin Mazrui katika Kilio cha Haki (1981) na Timothy Arege katika Mstahiki Meya (2009) waliwapa sauti wavujajasho na migomo yao. Vizazi vya wanafunzi vimeandika insha kuhusu maudhui ya ukombozi katika kazi za aina hii, na vimepata alama nzuri. Hata hivyo, kibarua wa mjengo bado ni nadra kumkuta akiwa mhusika mkuu. Huonekana kwa mbali, kama sehemu ya mandhari ya jiji, pengine akipigia miluzi wasichana wapitao. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa kutoka madirisha ya kumbi nyingi za mihadhara anaonekana waziwazi, akijenga bweni au maktaba mpya.

Isimu ya Kiswahili imejiundia istilahi zake kwa bidii: fonimu, mofimu, kirai, kishazi, uamilifu. Hakuna aliyesubiri wazungumzaji waziombe. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilizindua Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili, kazi iliyohitaji istilahi nyingi ngumu, nayo ikakamilika. Mbunge, basi, anaweza kusoma kwa Kiswahili utaratibu wa kuomba kuzungumza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inataka muhtasari wake ubandikwe mahali panapoonekana katika kila mahali pa kazi. Muhtasari si kitabu. Wanafunzi wa tafsiri wa mwaka wa tatu wangeweza kuushughulikia katika muhula mmoja, wakiwa na mhadhiri wa sheria wa kuwasahihisha, na fundi mmoja au wawili wa kuwaambia ni maneno gani yanaeleweka juu ya jukwaa na yapi yanaeleweka darasani tu. Fundi huyo si wa kutafutwa mbali. Saa saba mchana hupumzika nje ya uzio, chini ya mti, akila githeri kwa mama muuzaji, na jioni kazi yake ikiisha hupita langoni mwa chuo akielekea nyumbani kwa miguu.