Kusinga Si Kuchubua

Katika mtaa huu wa Kilimani, tangu Yaya Centre mpaka Adams Arcade, maduka ya urembo hayahesabiki, na neno linalotawala humo ni moja: skrabu. Kuna skrabu ya uso, skrabu ya mwili, skrabu ya nyayo, na ile iitwayo ya kung'arisha. Mabanati wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wanaokaa katika maghorofa haya kwa ajili ya kazi au masomo wameliokota neno hilo kama lilivyo. Mimi sina ugomvi na neno geni. Kiswahili kimekula mengi na wala hakijavimbiwa. Ugomvi wangu ni kwamba neno hili moja limemeza matendo matatu ambayo lugha yetu iliyatenga tangu zamani: kusinga, kukwangua na kuchubua. Anayesinga uso anautunza. Anayekwangua, kama atoaye ukoko chunguni, anautia majeraha. Anayechubua anaiondoa ngozi yenyewe. Mwenye duka akiyauza yote matatu kwa jina moja, mnunuzi atajuaje amechukua lipi?

Ngozi ya mwanadamu, kwa kudra ya Mola, hujivua yenyewe. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu polepole, na kwa kijana safari hiyo huchukua kama siku 28. Zikifika juu zimekwisha kufa, na hupukutika bila ya sisi kuziona. Zile zinazokawia kuondoka, zikagandana na jasho, mafuta na vumbi, ndizo wazee walizoziita nongo. Sasa Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Mtoto wa pwani aliyelelewa katika hewa ya unyevu hufika huku, ukamkuta ubaridi wa Julai, akaona uso umepauka na kufanya magamba, akadhani ni uchafu. Aghalabu si uchafu, ni ukavu. Basi huanza kusugua, na kila akisugua uso huzidi kukauka.

Singo ya kwetu haikuwa hivyo. Kila nyumba ina mchanganyiko wake na kila somo ana siri yake, lakini msingi unajulikana: liwa au sandali iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, mawaridi na asmini zilizokaushwa, karafuu chache, pengine langilangi, pengine unga wa mchele, vyote vikakandwa kwa marashi mawaridi mpaka vikawa kama uji mzito. Bibi arusi hupakwa, huachwa mpaka singo inyauke bila ya kukauka kabisa, kisha somo huipitisha mikono taratibu, na singo hujiviringa vijisonge vijisonge ikaanguka mkekani pamoja na nongo. Anayefanya kazi hapo ni uvumilivu, si nguvu. Na uso, tena, haukupakwa kile cha mwilini. Uso ulipewa liwa iliyo laini, iliyosagwa ikachujwa, bila ya chembe yoyote ya kukwaruza, kwa sababu somo alijua kwa vidole vyake kwamba ngozi ya shavu si ngozi ya kisigino. Dodoki lilikuwa la mgongo, na jiwe la kusugulia lilikuwa la miguu. Sijapata kusikia somo aliyepeleka jiwe usoni.

Jirani zetu Wasomali nao wana lao, na tunaishi nao mji mmoja. Ni kasili, unga wa kijani unaouzwa Eastleigh, ambao huchanganywa na maji ukapakwa usoni ukatoa povu jepesi kama la sabuni. Unga huo ni majani ya mkunazi. Msomaji wangu hahitaji kuelezwa mkunazi ni nini, kwani majani hayo ndiyo yaliyoagizwa kutiwa katika maji ya kumkoshea maiti wetu. Mti tunaouamini kwa maiti, aliye dhaifu kuliko sote na asiyeweza kusema kuwa anaumia, ungefaa kuaminiwa pia kwa uso wa mtu aliye hai. Lakini mkunazi haukuja kwenye chupa yenye maandishi ya dhahabu, basi hupitwa.

Na hizo chupa zina nini? Nyingine zina maganda ya kokwa yaliyosagwa, yenye makali. Nyingine zilikuwa na vijipunje vya plastiki, hata Marekani ikapitisha sheria ya kuvikataza mwaka wa 2015, na Uingereza ikavikataza mwaka wa 2018, kwa kuwa huteremka na maji machafu mpaka baharini, wakavila samaki. Watu wa pwani twajua samaki huishia wapi. Ziko pia zenye asidi nyepesi, kama ile ya miwa na ile ya maziwa yaliyochacha, ambazo huilegeza ile nongo bila ya kusugua. Hizi si mbaya kwa anayezitumia kwa kiasi, ila huufanya uso uchomeke upesi na jua, na jua la Nairobi ni kali hata siku ya baridi. Ngozi yetu nyeusi, ikichokozwa, hulipiza kwa doa jeusi linaloweza kukaa miezi.

Ninayoilaumu hasa ni ile ya kung'arisha. Baadhi yake ndimo mlimofichwa zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo, na mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulianza kuiwekea mipaka katika vipodozi. Mwaka wa 2023 mataifa yakakubaliana iondolewe kabisa ifikapo 2025. Wanazuoni wetu walilijadili jambo hili la kuchubua uso kabla ya duka lolote kujengwa Kilimani, wakatenga baina ya kutibu doa na kubadilisha alichoumba Mwenyezi Mungu.

Hata hivyo nasi wa pwani tuna lawama yetu, na wenye maduka wamelijua hilo. Sikiliza arusini, bibi arusi anapotolewa: "Ametakata!" Kutakata ni kuwa safi. Lakini usemi huo midomoni mwa mashangazi maana yake ni kuwa amekuwa mweupe, na yule dada yake mweusi aliye safi kama lulu hasemwi kuwa ametakata hata akisingwa siku arubaini. Sisi ndio tuliofunza kwamba usafi una rangi. Msichana aliyekua akisikia hivyo, akija mjini akakuta kopo limeandikwa kung'arisha, tutamshangaa vipi? Na wapo masomo wa siku hizi wanaokamulia ndimu ndani ya singo ili rangi "ifunguke". Ndimu usoni na jua juu yake huunguza, ikaacha alama za kahawia. Huko ni kuchubua kwa jiko la nyumbani, na haifai kukuita singo kwa sababu tu kumefanywa na bibi.

Basi anayekaa ghorofani Kilimani na hana somo wa karibu, asinge mara moja kwa wiki, usiku, baada ya isha, ambapo hatoki tena juani. Aoshe uso kwa maji ya vuguvugu, apake liwa laini au mkunazi, asingoje mpaka ikavuta ngozi, aitoe kwa ncha za vidole, kisha apake mafuta uso ukiwa bado una umaji. Mwenye chunusi zilizoiva asisinge kabisa. Anayewashwa aache wiki mbili, na akizidi aende kwa daktari wa ngozi, si dukani.

Na shangazi, arusi ijayo, tutafutie neno jingine.